Alama ya Goti

Bergen, Norwei

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwili ni mzima. Barua hii naituma kwenye simu ya mdogo wangu Benadeta, na nimemwomba aichapishe Ifakara akuletee hapo Mchombe. Najua hupendi kusomewa, nami kwenye simu maneno yananikwama. Jeraha limefunga? Usiku unapata usingizi? Mama anasema magongo yanakuumiza kwapani. Ameshayazungushia kitambaa?

Huku mvua inanyesha kama masika ya kwetu, ila ni ya baridi, wala haioteshi kitu ninachokijua.

Nataka nikueleze ile kazi iliyonifanya niombe nilichoomba, maana siku ile sikueleza lolote. Mwaka jana tulizunguka pamoja Mchombe na Mbingu, nikawa nauliza wakulima mafuriko yalifika wapi na walivuna magunia mangapi ya mpunga. Hakuna aliyenijibu kwa sentimita. Walisema maji ya kifundo, maji ya goti, maji ya kiuno. Majibu hayo nimeyaingiza kwenye kompyuta, katika programu ya takwimu ambayo unaipa amri kwa maandishi, nayo inakuchorea mchoro wa nukta. Kila nukta ni shamba la mtu mmoja. Ukienda kulia kwenye mstari wa chini, maji yanazidi kina. Ukipanda juu, magunia yanaongezeka.

Programu hiyo ukiiachia yenyewe inaandika namba zake kwenye mstari wa chini: ishirini, arobaini, sitini. Niliziona ngeni. Nikaiamuru izifute, mahali pake iweke alama zangu: kifundo, goti, kiuno, kifua. Nilifurahi kuona maneno yetu yamekaa pale. Lakini kila alama lazima uiambie ikae umbali gani kutoka mwanzo wa mstari, nami nilikuwa nimekadiria tu kwa mguu wangu. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole, akautazama mchoro akauliza, "Hili ni goti la nani?"

Lilikuwa swali la haki. Mimi ni mfupi, na wengi niliowahoji ni wanaume wa kimo chako. Nikakuwaza wewe, kwa sababu ndiye uliyekuwa ukisimama kwenye majaruba kunionyesha maji yalikofika.

Nikampigia Benadeta. Nilimwambia achukue tepu ya cherehani ya mama, akupime kutoka chini hadi gotini. Kisha akauliza, "Mguu upi, dada?"

"Wowote. Si yote ni sawa?"

"Basi nitampima wa kushoto."

Nikamuuliza kwa nini wa kushoto. Nikasikia analia. Ndipo akanieleza kwamba kile kidonda cha kidoleni kilipanda, kwamba kumbe una sukari, kwamba hospitalini waliukata mguu wa kulia juu ya goti, na kwamba wewe mwenyewe uliwakataza wasiniambie. Nilikuwa jikoni, nimebandika wali. Nikausikia unaungua, nisiuepue.

Halafu nikakusikia wewe. "Lete hiyo simu." Ukaniambia, "Mwalimu wako anataka goti? Moja limebaki, linatosha. Benadeta, pima." Nikamsikia mama akikuambia ushike mlango usianguke. Benadeta akasoma kipimo, nikakiandika.

"Umepata?" ukaniuliza.

"Nimepata."

"Haya mama, kasome."

Ukakata simu. Baba, sikukupa pole. Mtu akijikwaa njiani tunampa pole, hata tusiyemfahamu. Mimi nilichukua kipimo cha mguu wa baba yangu, nikashindwa kutamka neno hilo moja.

Na kidonda kile nilikiona. Tulipokuwa Mbingu ulivua kandambili ukakiosha kwa maji ya chupa, ukasema ulijikwaa tu kwenye kisiki, na kidonda kimechelewa kupona kwa sababu ya kushinda majarubani. Nilikuwa na haraka. Nikakuomba tuwahi kwa mkulima mwingine kabla jua halijawa kali. Ukavaa kandambili ukatangulia, nami nikakufuata nyuma nikipitia maswali yangu. Ningesema turudi Ifakara ukapimwe, pengine mambo yangekuwa mengine. Pengine yasingekuwa. Madaktari ndio wanaojua. Ila sikusema.

Nimewaza pia juu ya kunificha. Benadeta anasema uliogopa ningeacha masomo. Hukukosea. Ningeacha, ningepanda ndege nije, na nauli ya kurudi huku nisingeipata. Kwa hiyo siwezi kukulaumu. Lakini nakuomba msirudie. Mkinificha mabaya, nabaki mgeni kwenu.

Mchoro umekamilika. Goti limekaa kwenye kipimo chako. Kifundo, kiuno na kifua Benadeta alinitumia kesho yake, na najua ilibidi usimame tena. Niliuonyesha darasani, wakausifu, na msimamizi akasema sasa hata mtu asiyewahi kuliona bonde letu ataelewa maji ya kiuno yanamfanya nini mkulima. Mwenzangu mmoja akauliza goti ni la nani. Nikajibu, "La mkulima wa Mchombe." Nilijua nikisema ni la baba yangu nitalia mbele yao. Natamani ningesema, hata kama ningelia.

Mama mpe shikamoo yangu, naye apunguze kuinuka usiku, wewe ukiwa na shida utamwita. Benadeta mwambie sina kinyongo naye; aliachiwa siri nzito na hakuwa na wa kumsaidia kuibeba. Mzee Masanja, jirani yetu aliyekukimbiza kwa mkokoteni wake wa ng'ombe mpaka barabara kuu, mfikishieni shukrani zangu. Ng'ombe wake wakiingia shambani mwaka huu, msimgombeze sana.

Na huo mguu uliobaki, baba, uuchunguze kila asubuhi, kidole kwa kidole. Usitoke peku hata uani.

Pole, baba. Pole sana kwa mguu wako.

Ni mimi mwanao niliyechelewa kuyasema haya,

Yustina