Bakapu ya mama mkwe

Wewe uko wapi? Mwenzio nimekwisha.

Diski ya kompyuta ya kliniki imekufa asubuhi hii na orodha yote ya wagonjwa wa meno. Daktari kaniuliza mimi, fundi wake wa kompyuta, nami kifua mbele: "Usijali bosi, bakapu, ile nakala ya akiba, inajiendesha yenyewe kila siku. Ikifeli tu, napata ujumbe."

Bakapu ya mwisho ni ya siku thelathini na nane zilizopita. THELATHINI NA NANE!

Na ujumbe ulikuwa unatumwa kila siku kwa jina langu, ila kwenda namba yangu ya zamani. Ile laini niliyompa mama mkwe!!

Nampigia, hata shikamoo sijamaliza: "Mwanangu, kila asubuhi unaniandikia 'imeshindikana'. Nikaona kukuuliza ni kukuaibisha, nikawa nakuombea tu."

Kuniombea! Siku thelathini na nane!

Ngoja, hujasikia. Kaja mwenyewe kliniki na daftari. Kila ujumbe ameunakili kwa mkono, tarehe na saa, "simu zenyewe hizi haziaminiki, baba."

Daktari kalifungua, kalisoma ukurasa kwa ukurasa, hana haraka. Kisha kamgeukia mama mkwe, mimi nimesimama palepale:

"Mama, unaweza kuanza kazi lini?"