Mnunuzi wa Sabufa Zako

Kwako mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

U mzima? Kifua kimepona? Unakula, au unashiba simu? Mimi nipo, magoti yanalalamika, mdomo haujambo. Anayeniandikia ni shangazi yako. Ananiambia nitulie kitini, nami kila kukilia honi nakimbilia dirishani.

Sabufa zako mbili, hizo spika za besi zilizo kwenye boksi lao nyuma ndani ya gari uliloniachia, nimezitunza kama ulivyoniagiza. Vumbi nalifuta kwa brashi kavu, maji hayajazigusa. Jua likipiga kioo, nazifunika shuka. Watoto wa jirani walitaka kuzibonyeza tumboni. Nikawaambia atakayebonyeza, nami nitambonyeza kitovu.

Basi juzi baba yako mdogo kaja na mnunuzi. Kasema umempigia, unauza sabufa kwanza, gari baadaye, kwa kuwa huko umepata kazi ya kudumu na hurudi tena. Nikauliza mbona mimi hukuniambia. Akajibu uliogopa mdomo wangu. Na uuogope! Nikawakaribisha chai kwanza.

Walipomaliza, mnunuzi akawasha muziki. Besi ilipoanza tu, boksi likalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Akakunja uso, akasema koili, zile nyaya za ndani ya spika, zimeungua, hachukui hata bure. Baba yako mdogo akaapa kwamba ulizipiga kwa fujo mpaka ukaziua. Nikakusanya vikombe vyangu. Tangu hapo sikai, sisimami. Nafagia ua niliokwisha kuufagia.

Koili hazijaungua, mwanangu. Wao wakiwa sebuleni na vikombe vyao, mimi nilimwaga konzi mbili za maharage makavu kwenye lile tundu la boksi. (Shangazi yako hapa kaangusha kalamu kwa kucheka.) Sabufa ni nzima kabisa. Siku unaondoka ulisema nikutunzie, utazifuata mwenyewe. Neno hilo ndilo nililokuwa nikilifuta vumbi kila asubuhi, halafu wewe unaniletea mnunuzi!

Ukitaka kuuza, uza, mali ni yako, sitakushika shati. Ila boksi ni zito, na lazima lipinduliwe ndipo maharage yatoke. Hapa nyumbani hakuna atakayelipindua. Njoo ulipindue wewe, nikuone, kisha uende zako.

Wote wanakusalimu, hata baba yako mdogo, ingawa amenuna. Vaa nguo nzito, usilale na njaa. Kusoma sikusoma, kwa hiyo jina sina la kuandika; dole gumba langu hilo hapo chini, nimelikandamiza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Ni mimi,
Bibi yako, mke wako wa kwanza