Kifuniko Nilichokikaza

Kwa Fundi Jasbir Singh,
Nyuma ya Stesheni,
Nakuru.
Jumatano, 14 Machi 1956

Mpendwa kaka Naftaly,

Pokea salamu za mdogo wako Hezekiah. Hujambo huko Jinja? Shemeji Nasimiyu naye hajambo? Mtoto ameanza kutembea, au bado anatambaa na kula udongo kama Mama asemavyo ulivyokuwa ukila wewe? Kiwanda kinaendelea kuwapa kazi? Kwenu mvua imenyesha? Hapa Nakuru ni vumbi tu. Upepo ukitoka ziwani huleta yale magadi meupe, na mtu anatafuna ugali unaosaga meno.

Hapa ndipo mwandishi wa barua huandika kwamba nasi huku tu wazima. Nimeandika hivyo mara mbili kwenye karatasi nyingine nikazikunja. Simu ya maandishi niliyokutumia posta Jumatatu ilikuwa na maneno sita, nami naamini imekufikia: Baba amefariki, amezikwa Nairobi, barua inakuja. Barua yenyewe ndiyo hii.

Nikuambie mapema, usije ukasoma ukitafuta machozi yangu. Sijalia. Nakula, nalala, namchotea fundi maji. Watu wa kanisa waliponishika mkono makaburini nilikuwa nawaza kama nati ya gurudumu la nyuma la pikipiki yako imekazwa sawasawa. Mwili wangu umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa, na sijui nitaamka lini.

Mwaka jana ulipouliza habari za Baba tulikujibu kwamba anakohoa. Hatukukuambia kweli. Koo lake lilikuwa linafunga. Kwanza ugali ulikataa kupita, kisha viazi, kisha hata uji mzito. Mwezi wa kwanza daktari wa hapa Nakuru akampeleka hospitali ya Nairobi, na Baba akapanda gari la wagonjwa amevaa lile koti lake la askari wa vita vya kwanza, kana kwamba anaitwa kazini.

Mwishoni mwa Februari ikaja barua kutoka wodini. Aliyeiandika ni mtu anayeitwa Thuo, mshona viatu, mgonjwa wa kitanda kilichopakana na cha Baba. Ilikuwa fupi. Mzee anaomba maziwa ya nyumbani, ya kibuyu chake mwenyewe, si ya chupa. Hayataki kwa sababu ya njaa. Anataka kuondoa maneno aliyomwambia Naftaly.

Maneno hayo unayajua kuliko mimi. Uliuza mitamba miwili aliyokuwekea kwa mahari, ukarudi kutoka Nakuru umekalia pikipiki, mimi na dada yetu Chemutai tukikimbia nyuma yako tumejaa vumbi na furaha. Baba hakupiga kelele. Aliligusa tanki kwa fimbo akasema, "Chuma hiki kitakuacha njiani, mbali na watu wako." Asubuhi yake ukaondoka kwa miguu mpaka stesheni, pikipiki ukaiacha imefunikwa gunia. Tangu hapo, kila uliposimamishwa kazi, Mama aliukodolea moto macho, nasi tukajua anawaza nini.

Wewe mwenyewe wajua kwamba kwetu neno kama hilo haliondolewi kwa barua wala kwa mtu wa kutumwa. Huondolewa na mdomo uleule uliolitoa, kwa maziwa ya kibuyu, yakatemwa kidogo kifuani mwa mwana, au akiwa mbali, upande ule aliko. Baba hakuwa mtu wa kuomba msamaha. Nilipowasomea barua ile, Mama aliinuka akaenda kukiosha kibuyu.

Alikipaka makaa ndani mwenyewe, akakamua yule ng'ombe mwekundu, maziwa yakalala siku kumi. Nami nikaiondolea gunia pikipiki yako. Usishangae kwamba iliwaka. Nimekuwa nikiipaka mafuta kila Jumamosi miaka mitatu hii, na mara mojamoja nilifika nayo mtoni na kurudi, Baba akijifanya hasikii.

Alhamisi alfajiri nikaondoka nyumbani Ravine, kibuyu nimekifunga juu ya tanki katikati ya magoti ili kisitikisike. Mama alinisindikiza mpaka njia kubwa. Akasema, "Kawia ufike. Na ukishuka kwenye joto, legeza kifuniko. Maziwa hupumua kama mtu." Aliyasema haya mara tatu, na mara ya tatu nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba nimesikia.

Nakuru niliipita mapema. Huko Gilgil, kwenye kizuizi cha polisi, askari alitazama karatasi zangu pande zote mbili, kisha akanyoosha kidole.

"Fungua hiyo."

"Ni maziwa, afande. Ya mgonjwa."

Alionja bila kukaribishwa, akapangusa mdomo, akasema kwao Kapsabet mamake hutengeneza mazuri kuliko hayo. Kisha akaonja tena. Huyo ndiye mtu wa mwisho kuyanywa maziwa ya Baba, na simlaumu, maana aliyanywa kwa heshima.

Nilipotaka kufunga tena, povu likapanda na kumwagikia tanki lako. Nikaona aibu. Baba alikuwa amelidharau tanki hilo, na mimi nilitaka lifike Nairobi linang'aa. Basi nikakikaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakizungushia ukanda wa mpira wa ndani wa tairi, mafundo mawili. Maneno ya Mama niliyakumbuka nikiwa nafunga fundo la pili. Nikajiambia nitalegeza nikifika Naivasha. Naivasha nikaipita.

Ilitokea karibu na Mai Mahiu, nimeshauona ukuta wa mlima mbele yangu, yapata saa nane. Kifuniko kililipuka. Miaka hii ya Hali ya Hatari, kaka, mlio kama ule si mchezo. Wanaume waliokuwa wakiziba mashimo ya barabara walilala chini wote, na mimi mwenyewe nilidhani nimepigwa risasi, maana nilihisi majimaji mapajani. Kumbe ni maziwa. Yalishuka kando ya tanki yakaingia kwenye injini. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nikaisukuma hadi kwenye maduka. Nikafungua plagi, nikaifuta, nikaiegemeza kwenye chuma na kupiga teke. Haikutoa moto hata kidogo. Nilipiga teke mpaka goti likavimba. Kibuyuni mlibaki mafunda mawili ya maziwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kabla ya kwenda nyumbani.

Saa kumi kasoro lilisimama lori la viazi, linaelekea Nairobi. Dereva alikuwa Wanyoike, mtu mzima mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Nilimweleza ninakokwenda na kwa nini. Akafungua mlango.

"Panda, kijana. Hiyo pikipiki mwachie mwenye duka. Saa kumi na moja na nusu uko na mzee wako."

"Siwezi kuiacha. Ni ya ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Jinja."

Akacheka kwa upole. "Basi haraka ya nini kumlindia? Baba yuko karibu kuliko Jinja."

Nilimwambia aende. Nilifikiri nitaitengeneza jioni ile nipande mlima mwenyewe. Nilifikiri pia kwamba ikiibwa, hutarudi tena, maana hutakuwa na kitu cha kurudia. Ndivyo nilivyofikiri, kwa akili zangu timamu, na lori likaondoka nikilitazama. Usiku ule mwenye duka alinifungia ndani pamoja na magunia yake kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku.

Ijumaa asubuhi lilipita lori dogo likitoka Nairobi na vyuma, likasimama ghafla, likarudi nyuma. Akashuka Kalasinga mmoja mnene, hakunitazama mimi, aliitazama pikipiki.

"Hii mimi najua. Hii ya Naftaly. Wewe nani?"

Alikuwa Jasbir Singh, fundi aliyekuwa akikutengenezea. Akafungua magneto, ile inayotoa moto wa plagi, akaingiza kidole, kikatoka kimejaa utelezi wa kijivu. Akanusa.

"Maziwa namna gani iko na makaa?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa muda mrefu. Maziwa matupu yangekauka, alisema, lakini makaa hupitisha umeme, kwa hiyo moto ulikuwa unapotea njiani kabla ya kufika kwenye plagi. Akasema tangu azaliwe amewahi kutoa maji, mchanga na hata panya kwenye magneto, lakini kifungua kinywa cha mzee hajawahi. Kisha akaniuliza mzee mwenyewe yuko wapi. Nilipomjibu aliacha kutania. Alipakia pikipiki aje nayo Nakuru, akasimamisha basi la kwanza la kwenda juu, akaniambia nipande. Sikubishana tena kuhusu kumlindia mtu kitu.

Nilifika wodini saa saba mchana nimeshika kibuyu. Kitanda cha Baba kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Alikuwa amefariki alfajiri ile.

Thuo alikuwa ameketi kwenye kitanda chake, mguu umefungwa bandeji. Akaniita kwa jina langu kabla sijamwambia mimi ni nani. Alinieleza mambo yote polepole, nami nakuandikia kama alivyosema.

Alhamisi Baba alishinda ameelekea mlangoni. Kila viatu vilipolia aliinua kichwa. Saa kumi na mbili jioni wakaleta chai katika vikombe vya bati. Baba hakuwa amepitisha hata maji siku ile. Akamwambia Thuo, "Mtoto amekwama njiani." Hakusema amechelewa, alisema amekwama njiani. Kisha akaomba ainuliwe aketi, akauliza machweo ni upande gani, akachukua funda moja la chai, akaliweka mdomoni, akalitema kuelekea dirishani. Alifanya hivyo mara nne. Nesi alimkemea kwa kuchafua blanketi, naye hakumsikiliza. Alikuwa akisema kwa lugha yetu. Thuo haijui. Alichoshika ni neno moja tu lililorudiwa kila mara, na hilo ni jina lako.

Nilimuuliza kama hakutaja jina jingine. Thuo ni mtu mwema, alifikiri kwanza, kisha akasema hapana.

Basi pokea ujumbe wako, kaka. Maneno yameondolewa. Yameondolewa kwa chai ya hospitali yenye sukari kidogo, lakini mdomo ni uleule, na upande ulikuwa wa magharibi uliko wewe. Chuma kile kilimwacha mtu njiani mara moja, nadhani kimeshiba.

Nitasema na hili, maana nikilificha litaniozea. Niliona wivu. Mimi ndiye niliyekaa, niliyechunga, niliyepaka mafuta, na jina langu halikutoka. Najua mimi sikuwa na neno la kuondolewa. Najua, na bado nimeona wivu, hata kabla sijaona uchungu.

Tulimzika Jumamosi hukohuko Nairobi, maana sikuwa na fedha za kumrudisha nyumbani, watu kumi na mmoja, wengi wao wa kanisa nisiowajua. Yale mafunda mawili ya maziwa niliyamimina miguuni pa kaburi. Yalinywewa na udongo mara moja.

Pikipiki yako ilipona jana asubuhi. Jasbir hakutaka kusikia habari ya malipo, alisema utamlipa wewe utakapokuja mwenyewe, na akasema hivyo kama mtu aliyekwishaona tarehe. Iko hapa mlangoni ninapoandika, imeoshwa. Mimi ndiye sijaondoka. Mchungaji wa huko Ravine ameshampa Mama habari za kifo, lakini najua nikifika ataniuliza swali moja tu: Je, aliyanywa? Siku mbili hizi nimetunga majibu matatu, yote matamu, yote ya uongo. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakuna methali inayosema umwambie nini aliyekuonya mara tatu.

Kwa hiyo nakuomba, Naftaly, uje. Si kwa ajili ya mirathi wala matanga. Uje uketi karibu nami Mama akinitazama. Hili la lori la viazi sijamwambia mtu, hata Jasbir. Wewe ndiye wa kwanza, na ulivyo mwenye pikipiki, una haki ya kucheka au kunipiga.

Nisalimie sana Shemeji Nasimiyu, umshukuru kwa kitambaa alichomtumia Mama mwaka jana, amekivaa hata kikachakaa. Mbusu mtoto. Chemutai anakusalimu, ameolewa karibu na kisima, na baba mdogo Kiptanui anauliza kama bado una meno yote. Mungu awalinde barabarani nyote, akupe gari lisilozimika, na akufikishe kungali mchana.

Nimeamua nitaondoka leo, nikishaitia barua hii posta. Nitamwambia Mama kwamba hakuyanywa, alikunywa chai, na nitamwambia kwa nini. Kibuyu nimekifunga palepale juu ya tanki. Safari hii hamna kitu ndani, lakini kifuniko nimekilegeza.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye pamoja na wivu wangu,

Hezekiah Kimaiyo