Sifuri Mbili za Papa

Jumatatu, 3 Machi
Bukari, ugali wetu, imebaki tena. Kidonda cha ulimi kinamuuma Papa, baba yangu. Majibu yametoka Lubumbashi: kansa. T2 N0 M0. Daktari alieleza haraka kwa Kifaransa, Papa akaitikia tu. Mimi sikuelewa. Herufi tatu, namba tatu, na maisha ya mtu humo ndani. Zinasomwaje?

Jumatano, 5 Machi
Papa amekataa upasuaji. Hasemi sababu. Baiskeli amempa jirani. Nimekasirika.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia daktari. T ni ukubwa wa uvimbe. N ni tezi za shingo. M ni kama kansa imesambaa mbali, mapafuni kwa mfano. Ajabu: tezi moja ya shingo yenye kansa, ndogo, isiyouma, inaweza kupunguza matumaini kuliko uvimbe wenyewe. Shingo ndiyo njia ya kansa kutokea. Tangu hapo najipapasa shingo. Nikauliza Papa ataishi muda gani. Namba zinasema habari za wengi wenye ugonjwa kama wake, akajibu, si za yeye peke yake.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe! Papa alifanya kazi maabara ya kiwanda, kupima mawe ya shaba. “Mama,” ameniambia, ndivyo anavyoniita mimi binti yake, “zéro tulikuwa tunatupaka.” Sifuri ni jiwe lisilo na shaba, la kutupwa. Amesikia sifuri mbili, akajitupa mwenyewe. Nikamweleza: hapa wanatafuta kitu kibaya, shingoni na mbali, na hawajakiona. Halafu akauliza kama jirani atarudisha baiskeli.

Jumanne, 25 Machi
Wamekata kipande cha ulimi, na tezi za shingo pia. Kwa nini, ikiwa N ni sifuri? Vidole na picha havioni kila kitu. Hadubini inaona zaidi. Naiogopa hiyo hadubini.

Jumamosi, 5 Aprili
Tezi moja ina kansa. Sifuri imekuwa moja. Daktari anataka mionzi, na inakotolewa ni mbali. Nimemwambia Papa polepole. Kusema bado hawezi. Akachukua kibao cha watoto na chaki, akaandika: “Sasa iko kintu.” Kuna kitu, kama jiwe lenye shaba, lisilotupwa.
Nimecheka, kisha nimelia. Yeye amecheka kwa mabega tu.
Baiskeli imerudi, iko ukutani. Amenionyesha gurudumu la nyuma, halina upepo. Nimekwenda kuazima pampu.