Mlango wa Chumba cha Mzee

Jumatatu, 4 Machi

Tumeanza kukarabati nyumba ya mwisho, ile ambayo bado ina watu. Kijumba cha mawe kama vingine. Kuta nene kama urefu wa mkono wangu, milango ya watu wafupi. Afisa wa mambo ya kale amepita na karatasi zake: hakuna kugusa ubao wala jiwe bila barua yake. Mwezi uliopita alimfukuzisha kibarua mwenzetu kwa kung'oa kizingiti. Kizingiti tu! Mzee mwenye nyumba ameniona na ndoo za chokaa, akaniita injinia. Binti yake akacheka. Nami nikacheka — sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumatano, 6 Machi

Mzee ameanguka chumbani. Nyonga. Muuguzi kaja na machela, lakini ujia ni mwembamba, machela haipindi kuingia mlangoni kwake. Wakajaribu kumbeba kwa blanketi. Zile kelele sitaki kuziandika. Muuguzi anasema lazima atoke amelala chali, na upesi. Fremu ya mlango ikiondolewa, machela inapita. Fomeni wetu kampigia afisa. Yuko safarini. Barua mpaka Jumatatu.

Alhamisi, 7 Machi

Mguu wa mzee umebadilika rangi. Binti kanifuata kwenye ndoo zangu.

"Kaka, msumeno si unao?"

Nikamwambia, dada, kibali changu cha kazi anacho fomeni, nikifukuzwa narudi kwetu mikono mitupu, na watoto wanne wananitazama. Kautazama msumeno wangu. Afadhali angenitukana.

Baadaye nimekwenda kuitazama ile fremu. Haina msumari hata mmoja — imeshikwa kwa vigingi vya mti. Inafunguka bila kukatwa! Shida ni jiwe refu la juu. Limeilalia.

Ijumaa, 8 Machi

Asubuhi nimemweleza fomeni. Akasema anakwenda kununua sigara na hajasikia kitu. Haya. Nikaweka jeki mbili chini ya jiwe, nikagonga vigingi kimoja kimoja, kila ubao nikautia namba kwa chaki. Saa nne mzee akapita, chali, jasho linamtoka, binti kamshika mkono. Wakaenda hospitali.

Saa nane afisa huyo mlangoni. Kumbe kakatisha safari. Fomeni akasema alinikataza mbele ya watu. Watu wakatazama viatu vyao.

Afisa hakufoka. Akapiga magoti, akageuzageuza vigingi, kisha akatazama juu. Ukutani pana ufa. Asubuhi, kabla ya kuanza, nilikuwa nimeuwekea alama ya penseli pale ulipoishia. Umeipita kwa kidole kizima.

"Nani anaweza kuirudisha hii kabla ukuta haujashuka?"

Fomeni akasema yeye watu wake haingizi humo. Nikasema mimi. Afisa akaomba kibali changu kwa fomeni, akakitia mfukoni mwake. Rudisha kwanza, akasema, mengine tutaongea.

Wote wako nje, nyuma ya kamba ya usalama. Niko ujiani peke yangu, naandika huku nikisubiri. Mbao mbili za pembeni zimeingia. Ubao wa juu haupiti — jiwe limeshuka, unene wa shilingi. Nikipandisha jeki, ufa unazidi kurefuka. Nikiuchonga ubao, nimeuharibu mbele ya macho yake. Nimemwita nimuulize. Anasema subiri, ampigie mkubwa wake. Bado yuko kwenye simu. Mchanga unadondoka kwenye karatasi. Simsubiri tena. Patasi nimeshaishika, nauchonga