Kwa Bi Mboni binti Jumbe, Aliyezikwa Bila Mtani

Mfungo Sita umerudi, mama, na mwaka mmoja umetimia sasa tangu tulipokutoa mlangoni kwako, hapa Ngamiani, juu ya mabega ya watu. Ulitoka kimya, na wewe hukuwa mtu wa kimya.

Wanaokukumbuka mtaani wanakumbuka kwanza visheti vyako. Kabla jua halijapanda ulikuwa umekwisha kubandika karai, miwani umeifunga kwa uzi nyuma ya kichwa, tambuu i shavuni. Watoto wa chuoni walipita barazani wakijua kwamba vilivyovunjika si vya kuuza, ni vyao. Tulipokuwa wakubwa ndipo tulipokubaini. Vizima ulikuwa ukivivunja kwa makusudi, kisha unasema, "Mikono yangu hii imezeeka, kila kitu kinanikatikia."

Mumeo, baba yetu Uweso, alipofariki, ulitulea wawili kwa karai hilo hilo. Miraji akaingia Keya, akawa dereva wa lori la jeshi. Asmahani ukampeleka kusomea ualimu, ingawa wapo waliokwambia mtoto wa kike atakupotea. Hakupotea. Alirudi na cheti, na haya zile zile alizoondoka nazo.

Jirani yako Bi Chiku hakuliacha hilo lipite. "Mboni, mwalimu gani huyu? Wanafunzi wake watamsikiaje, au atawapelekea barua?"

"Atawapelekea," ulimjibu. "Na watamjibu kwa adabu kuliko wewe."

Kumbe barua zilikuwa njiani kweli.

Mwaka wa hamsini na nne Miraji alikuwa Kenya, katika misitu ya Nyeri, kwenye vita vile. Ulimpelekea bati la visheti. Lilipofika, yeye alikuwa amekwisha kuhamishiwa Dar es Salaam. Ikaja barua yenye mwandiko tusioujua. Uliipangusa miwani, ukakaa, ukamwambia mwanao asome.

"Mimi ni Manase, Mnyamwezi wa Sikonge," aliandika mtu yule, "mtani wako tangu babu yangu alipombebea babu yako mizigo mpaka Tanga na asilipwe hata nazi. Mwanao amehama, bati lake nimelila. Visheti vyako ni vigumu mno, bibi. Ningejua, ningekula bati lenyewe nikaacha visheti. Nimevunja jino. Naomba uniletee jingine."

Asmahani alisoma huku sauti inashuka, maana hakuwahi kumtamkia mama yake maneno ya namna ile. Ulimkatiza. "Soma kwa sauti, mwalimu. Tusi la mtani halinong'onezwi."

Basi akasoma kwa sauti, baraza nzima ikacheka, nawe ukacheka mpaka ukafungua uzi wa miwani. Jibu lako lilitoka pale pale. "Mpagazi wee, pole na jino. Najua lilikuwa la kuazima. Nakuletea vigumu zaidi ya hivyo. Meno yakiisha, utaacha wizi."

Hivyo ndivyo ulivyompata rafiki, wewe mjane wa Kiislamu usiyejua kuandika, na yeye kijana Mkristo wa Kimoraviani asiyekuwa na mama. Kila ulipokaanga, fungu lake ulilirudisha motoni likauke zaidi. Aliandika kwamba wamekiweka kisheti kimoja chini ya gurudumu la lori mlimani na lori halikurudi nyuma. Akaanza kukuita mke wangu, kama watani wafanyavyo kwa wazee. Nawe ukamwita mume wangu mla bati, ukamuuliza mahari yako iko wapi.

Siku moja aliandika bila utani. Rafiki yake alikuwa ameuawa, wakamzika mvua inanyesha, upesi upesi, hapana mtani wa kumzuia mlangoni wala wa kumwiga kicheko chake. "Tulimzika kama watu wanaoficha kitu," aliandika.

Hukucheka siku hiyo. Ulimwambia Asmahani, "Andika. Mwambie nikitangulia mimi, aje. Ajifunge kanga yangu, aniige, anitukane mbele ya watu, jeneza lisitoke mpaka apewe haki yake. Mimi sitaki kuzikwa kama kitu kilichofichwa."

Akajibu, "Nitakuja, mke wangu, hata kwa miguu. Haki yangu ni visheti, na viwe vile vile vya kuvunja jino."

Ulimsomesha Asmahani barua hiyo mara nyingi. Ndugu yako Idarusi, mjomba wetu, karani mwenye kofia safi na heshima zake, alikuwa akija jioni kutoka kazini kuzisikiliza. Alicheka kuliko wote. Ndiye aliyemwambia mpwa wake, "Niazime ile barua ya 'mke wangu', mwanangu, nikawachekeshe wenzangu." Asmahani alimpa. Angemnyimaje? Ni mjomba huyo aliyempeleka chuoni kwa mkono wake na kumbebea sanduku.

Baada ya hapo barua za Manase zilikoma.

Tuliandika, tukaandika tena. Ulituma bati, likapotea hewani. Ulikuwa ukimsikia tarishi anavyogonga kengele ya baiskeli yake njia ya pili, unanyanyuka, unakaa. Bi Chiku alikwambia labda kijana amechukizwa na neno. Ukatikisa kichwa. "Mtani hachukizwi, Chiku. Mtani akinyamaza, ama amekufa ama amekufanyia khiyana." Miraji akaulizia, akaambiwa Manase yu hai. Basi ukabakiwa na hilo la pili.

Hukumtaja tena barazani. Lakini ulipolala na kifua kile kilichokuchukua, ulimshika Idarusi mkono ukamuuliza, "Ndugu yangu, wewe unakaa na watu wa serikali. Hujasikia lolote la askari wangu?"

Alikujibu, "Askari ni watu wa njia, dada. Wanasahau."

Asmahani alikuwa pale, anakushikia kikombe. Aliyasikia maneno hayo kama faraja. Usiku ule ulimwambia akaange visheti, avikaushe, avitie katika bati. "Huenda akaona haya," ulisema.

Hakuja. Jeneza lilifika mlangoni, likapita. Hapakuwa na mtu wa kulizuia. Wanaume walikwenda nawe wakisoma, wanawake tukabaki ndani, na bati likabaki juu ya kabati. Bi Chiku alisema, "Viloweke mwape kuku." Asmahani hakuviloweka. Alimchukia yule mtu wa Sikonge kwa moyo wake wote, na moyo wake haukuzoea kazi hiyo.

Mwaka huu masika yalipokwisha, alikuja mtu barazani mwenye koti kuukuu la jeshi na mfuko begani. Idarusi alikuwa ameketi na kahawa. Asmahani alikuwa nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, mzee," alisema yule mtu.

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Natoka jeshini, nimemaliza. Namtafuta Bi Mboni binti Jumbe. Naitwa Manase. Nimekuja kumtaka radhi, kisha niende zangu kwetu."

Ni shikamoo ile, mlangoni kwako, iliyomuumiza mwanao, mama. Katika barua zake zote hakukuamkia hata mara moja. Mtani hamwamkii mtani. Mtu huyu alikuja kwa adabu, na adabu ile ilikuwa na maana kwamba utani wenu umekufa.

"Bi Mboni amefariki," Asmahani alisema nyuma ya pazia. "Alikungoja."

Manase alikaa chini bila kukaribishwa. "Aliningoja vipi, na ndiye aliyenishitaki?"

Hapo alieleza. Aliitwa mbele ya afisa. Akaonyeshwa barua yake mwenyewe, ile ya mke wangu, akaambiwa kwamba mama mmoja mjane wa Tanga amelalamika kwamba anatukanwa. Akavuliwa utepe wa cheo aliokuwa ameupata karibuni. Akaapishwa asiandike tena, na barua na bati vilivyokuja vikazuiwa asipewe. "Niliwaambia ni utani wetu. Wakaniambia mwenyewe haoni hivyo. Nikasema, kumbe mtani wangu alikuwa akinichekea kwenye karatasi tu."

Barua hiyo ilikuwa moja, mama, na aliyeiazima alikuwa mmoja.

"Mjomba," Asmahani aliita.

Idarusi alizungusha kikombe chake. Hakukana. "Nilikwenda mimi," alisema. "Utani ni wa mdomo, hupita na upepo. Ule ulikuwa wino. Mtu wa bara anamwita dada yangu mke wake kwa wino, na Wazungu wanafungua barua wanasoma. Kazini walinicheka mimi, si yeye. Mimi ndiye walii wake, mlitaka nikae?"

"Alikuuliza akiwa kitandani."

"Nilitaka kumwambia."

"Alikushika mkono akakuuliza, mjomba."

Idarusi aliyekwenda kwa afisa tungeweza kumfahamu. Ana heshima yake na woga wake, na wengi wangefanya hivyo. Idarusi aliyeketi kando ya kitanda chako, akakuacha ufe ukimdhania mwingine khiyana iliyokuwa yake, huyo bado hatumfahamu.

Asmahani aliingia ndani, akachukua kanga yako ya mwisho na lile bati, akavipitisha chini ya pazia. "Haki yako," alisema. "Hii ndiyo aliyosema ujifunge."

Manase alijifunga. Alisimama mlangoni pako, mtu mrefu, kanga imemfika magotini. Watu wawili watatu wa mtaani walikuwa wamesimama. Alifungua kinywa akuige, akakifunga tena.

"Siwezi," alisema. "Utani ni wa watu wanaoaminiana. Amekufa ananidhania vibaya, nami nimekuja namdhania vibaya. Nitaanzia wapi?"

Basi nyuma ya pazia ikatoka sauti. Mwanao hajawahi kuitumia sauti hiyo hata darasani. Ilikuwa ya kukwaruza kidogo, ya mtu mwenye tambuu shavuni. "Mpagazi wee, ndiyo saa ya kuja hii? Nimekungoja mpaka nimezikwa. Na meno unayo, au umekuja na ufizi?"

Ng'ambo ya njia Bi Chiku aliacha ungo wake. "Yarabi," alisema, "Mboni huyo."

Manase aliinama kama aliyepigwa. Alipoinuka machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. "Nimechelewa kwa sababu ya jino, mke wangu. Ulisema utaniletea." Akafungua bati, akatia kisheti kinywani, kikalia kama kokoto. "La haula. Mtu amekufa, visheti vyake havijalainika."

Watu walicheka, mama. Walicheka barazani kwako, mlangoni ulipopita kimya. Idarusi aliinuka akaondoka, kahawa yake haijaisha, na hapana aliyemwita.

Kicheko kile hakikukufikia. Tunajua. Kilichelewa, na aliyekichelewesha ni wa damu yako. Tungeweza kuandika, kama familia nyingi ziandikavyo, kwamba uliondoka kwa amani ukizungukwa na wakupendao. Hukuondoka kwa amani. Kusema vinginevyo mbele ya watu wanaosoma haya kungekuwa kukuzika kimya mara ya pili.

Wanaokukumbuka leo ni wanao, Miraji na Asmahani, na mjukuu wako Sabiha, ambaye huvunja visheti vizima akasema mikono yake imezeeka. Yupo jirani yako Bi Chiku, anayesema hajapata wa kugombana naye. Yupo Manase wa Sikonge, mtani wako. Amekwisha kutuarifu kwamba kwenye hitima yako ya mwaka atasimama mlangoni na hapiti mtu, awe shehe au nani, mpaka apewe haki yake.

Na ndugu yako Idarusi bin Jumbe. Jina hili mwanao alikuwa ameliacha nje ya orodha hii. Amelirudisha, na si kwa kuwa moyo umepoa. Wewe hukumpitisha mtu barazani kwako mikono mitupu, na kilichovunjika ulikuwa hukiuzi, ulikuwa unakitoa. Tunampa naye fungu lake hapa, jina lake kati ya wanaokukumbuka. Ila hiki, mama, hatukukivunja sisi.

Hatukusahau, wala hatutakusahau daima.