Sauti Niliyoituma Ilembo

Dodoma,
11 Machi 2024

Kwa Baba yangu, Mzee Malale,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mdogo wangu Kashinje yuko salama na ng'ombe, na miguu ya shangazi Nyanzobe imepungua kuvimba. Mimi mwili umerudi. Homa ya uti wa mgongo imeniachia kila kitu isipokuwa masikio.

Najua ungependa nipige simu. Simu ni nini kwangu sasa? Kioo kinachotetemeka mfukoni. Na ujumbe mfupi haubebi ninayotaka kusema, kwa hiyo bahasha hii nimempa konda wa basi la Mpanda aiache dukani kwa Rahim, pale stendi.

Daktari ameniambia jambo ambalo hakuna aliyenionya. Nilidhani homa imechukua kusikia, na kwamba kusema kumebaki mali yangu. Kumbe sikio ndilo linaloongoza sauti. Mtu husema huku akijisikia. Akipanda mno hujishusha, akififia hujiinua, wala hajui kwamba anafanya hivyo. Asiyejisikia, sauti yake huanza kwenda zake. Huondoka kidogo kidogo, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua.

Mwezi Juni nitasimama mbele ya Bunge la Wanafunzi kudai wakalimani wa lugha ya alama. Baba, sisi viziwi wa chuo hiki tunalipa ada kama wenzetu, kisha tunakaa darasani kutazama mhadhiri akifungua na kufunga mdomo! Unajua nilivyokuwa. Nikishika kipaza sauti, ukumbi ulitulia. Je, sauti ile bado ipo? Nikiwauliza wenzangu, hata Faith ninayelala naye chumba kimoja, wananionyesha kidole gumba. Huruma ya namna hiyo ni uongo uliovaa vizuri.

Wewe umenisikia tangu nilipozaliwa. Hotuba yangu iko kwenye memori kadi niliyoitia humu ndani ya bahasha. Ichomeke kwenye redio yako, usikilize, uniandikie ukweli mtupu.

Binti yako,
Minza


Ilembo, Mpanda,
27 Machi 2024

Mayu wangu Minza,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua bado inanyesha, mahindi yamebeba. Shangazi yako anakusalimu, anasema miguu haijambo ila mdomo ndio unauma kwa kukosa mtu wa kugombana naye.

Nakuita Mayu ingawa nyie wasomi mnacheka. Umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu Wasukuma aliyebeba jina la mama ni mama. Sasa mama akiniambia niseme ukweli nitakataaje?

Tumekusikiliza wote uwanjani. Sauti ni yako. Lakini unapaza kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Miisho ya maneno unaimeza, na ile "sha" na "sa" zinafanana. Kashinje alicheka akasema, "Dada anagombana na nani? Au anahutubia ng'ombe wa Mwese kutokea Dodoma?" Nikamwambia nyamaza, ng'ombe wenyewe wamekuelewa kuliko yeye.

Punguza nguvu. Tuma tena.

Baba yako,
Malale


Dodoma,
20 Aprili 2024

Baba yangu,

Shikamoo, na salamu kwa wote. Asante. Wewe ndiye mtu wa kwanza tangu niugue Januari kuniheshimu kiasi cha kuniambia kwamba nimekosea.

Sasa ninafanya mazoezi kama askari. Naweka kiganja kooni ili nijue sauti inatokea wapi. Faith anagonga meza niliyoiwekea mkono, mara moja nikipanda, mara mbili nikizama. Mwambie Kashinje kwamba dada yake anagombana na uongozi wa chuo, bajeti yake, na kila anayeamini kuwa asiyesikia hana la kusema. Akimaliza nao atakuja kwake.

Nimejirekodi upya, hotuba nzima. Kadi ya pili hii hapa. Usinionee huruma.

Binti yako,
Minza


Ilembo,
24 Mei 2024

Mayu,

Habari za huko. Huku tunavuna. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikujua niandike nini.

Safari hii hukupaza. Sauti imepanda juu, nyembamba, halafu imenyooka. Haipandi wala haishuki, maneno yamevutwa marefu. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi. Shangazi yako alikuwa anatoka kisimani, akasikia redio kabla hajaniona. Akatua ndoo. Akavua ndala. Akapiga magoti pale pale kwenye matope akaitikia, "Mayu, nipo."

Nikamwambia, "Nyanzobe, huyo ni Minza."

Akasema, "Najua ni Minza. Minza yupi?"

Mwanangu, uliniomba ukweli. Ile ni sauti ya mama yangu katika miaka yake ya mwisho. Wewe hujawahi kumsikia, alikufa kabla hujazaliwa. Mtu hawezi kuiga asichokisikia.

Kuna jambo lingine. Baada ya hotuba kadi inaendelea. Kimya, karatasi zinageuzwa, halafu unasema kwa Kisukuma, taratibu, mara nyingi: "Kwa nini mmeniacha peke yangu humu ndani?" Hayo ndiyo maneno ya mama. Alikuwa akiyasema kutwa nzima ndani ya nyumba yake. Nani amekufundisha?

Baba yako,
Malale


Dodoma,
3 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako.

Sikusema maneno hayo. Nilimaliza hotuba, nikaiweka simu mezani bila kuizima, nikasoma hadi nikachoka. Kinywa changu kilikuwa kimefungwa. Ningeapa mbele ya mahakama yoyote kwamba kilikuwa kimefungwa!

Nikampa Faith barua yako. Alisoma, kisha akaandika kwenye daftari: "Unaongea siku zote, Minza. Ukisoma. Ukifua. Darasani pia. Kwa lugha ya kwenu. Hatukutaka kukuumiza." Nikamuuliza nasema nini. Akaandika: "Sijui. Lakini ni kitu kimoja tu, unakirudia."

Fikiria, Baba. Miezi mingi nimekuwa nikitembea katikati ya watu nikidhani nimenyamaza.

Nataka kadi ile irudi. Nataka pia unijibu hili, na unijibu bila kulizunguka: bibi alikuwaje katika hiyo miaka ya mwisho? Aliishije?

Binti yako,
Minza


Ilembo,
12 Juni 2024

Mayu wetu,

Tunakusalimu kwa heshima. Kadi haitarudi, haiko mikononi mwangu peke yangu. Wazee wa ukoo wamekuja, wengine kutoka Mwese kwa pikipiki. Redio tuliiweka mbele ya vibanda vya mizimu, tukamimina pombe, tukakusikiliza. Hotuba waliiruka. Walisubiri yale ya mwisho. Kila ulipouliza, walijibu, "Hatujakuacha."

Nyumba ya mama imeezekwa upya na kitanda kimeingizwa. Wanasema umechaguliwa, urudi ukae humo, watu wawe wanakuja kusikiliza.

Umeuliza aliishije. Ilianza polepole. Tulikuwa tunamwita kwa nyuma, hageuki. Tunamsalimu, anajibu kitu kingine. Sauti ikabadilika. Wazee wakasema tusimsumbue, anasikilizana na waliotangulia. Basi tukaacha kumwita. Chakula tuliweka mlangoni. Hakuna aliyeingia isipokuwa siku ya kumtoa. Tulikaa nje ya ukuta tukasikiliza anachosema, na kila mtu alipata lake: huyu ng'ombe wake wapone, yule asisafiri. Aliheshimiwa sana.

Hata mimi, mwanangu, siku hizi nikiwasha redio nakaa mkao ule ule wa zamani, nje ya ukuta.

Baba yako,
Malale


Dodoma,
29 Juni 2024

Kwa Baba yangu, na kwa wazee wote wa ukoo watakaosomewa barua hii,

Shikamooni. Nawatakia afya, hasa ya masikio.

Bibi alikuwa kiziwi.

Lisomeni tena. Hakuwa akisikilizana na waliotangulia. Hakuwa akisikilizana na yeyote, na hilo ndilo alilokuwa akiwaambia! Alikaa gizani mwa kimya akauliza, kwa lugha yenu wenyewe, kwa nini mmemwacha peke yake, nanyi mkaketi upande wa pili wa ukuta kutafsiri. Swali lile lilihitaji nini? Tambiko? Lilihitaji mtu mmoja ainuke, aingie, amguse bega. Mlimfanya mzimu angali akipumua, kisha mkajipongeza kwa heshima mliyompa.

Mnauliza nimejifunza wapi sauti yake. Sikujifunza. Ukiwafunga watu wawili miguu kwa kamba moja, watatembea mwendo mmoja. Asiyejisikia sauti yake hupanda, hunyooka, hurefuka: ndivyo daktari alivyonieleza, na ndivyo itakavyokuwa kwa mwanamke wa Ilembo na kwa mzungu wa Ulaya. Hata maneno yetu yalifanana kwa sababu upweke wetu ulifanana. Mimi nina wenzangu elfu chuoni, na hakuna anayezungumza nami.

Juzi nilisimama mbele ya Bunge la Wanafunzi. Niliona midomo ikicheka mstari wa mbele, kisha wa nyuma. Sikukoma. Nikaona vicheko vinakatika kimoja kimoja, nyuso zinakauka, msichana mmoja anajifunika kanga mabegani ingawa kulikuwa na joto. Faith akaniandikia kiganjani: WANAOGOPA. Nikamjibu kwa sauti, ukumbi mzima ukisikia: "Na waogope." Hoja ilipita bila mpinzani. Sijui kama niliwashawishi au waliona mfu amesimama akidai haki zake, na kusema kweli, Baba, sikujali.

Lakini kwako najali. Sitakaa katika nyumba ile. Ukiwasha redio, usimwitikie marehemu. Ni mimi. Niko hai. Niitikie mimi.

Waambie wazee hayo yote. Waambie wewe, kwa kinywa chako, kwa sababu wewe ndiye mwanawe.

Binti yako,
Minza


Dodoma,
2 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Rahim amejibu ujumbe wangu kwamba barua ya Juni ilichukuliwa. Mbona kimya? Kama nimekukosea, nigombeze. Kashinje naye hajibu ujumbe wangu wa simu.

Binti yako,
Minza


Ilembo,
9 Septemba 2024

Mwanangu,

Sijakukasirikia. Nilisoma barua yako nikalia, kisha nikawaita wazee kama ulivyotaka.

Nilisimama nikawaambia mama alikuwa kiziwi, na sisi tulimkosea. Niliongea kwa upole, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Walikuwa wananitazama mdomoni. Shangazi yako akanivuta shati, nikamwona anasema kitu. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Kashinje akaja karibu kabisa na sikio langu, ndipo nikapata: "Baba, unapiga kelele. Na umeanza kuvuta maneno."

Kumbe tangu masika wananiita kwa nyuma, sigeuki. Nilidhani ni nyie vijana mmeanza kunong'ona. Nilidhani ndege wamehama kwa sababu watu wanakata miti.

Wazee walitazamana. Mmoja wao alivua kofia. Wakaondoka kwa adabu sana, kinyumenyume, na hawajaniuliza jambo lolote tangu siku ile. Nyumba ya mama haijakaa bure, kitanda changu kimehamishiwa humo, wanasema nitapumzika vizuri. Asubuhi nikifungua mlango nakuta sahani imefunikwa. Simwoni aliyeileta. Kashinje nikimwona mbali namwita, anasimama, anainamisha kichwa, anakwenda zake. Jana niliweka mkono ukutani, nikahisi watu wameegemea upande wa nje.

Sijui nawaambia nini. Naona sijasema kitu, lakini wao wanatikisa vichwa.

Ningekuomba unisikilize uniandikie ukweli, sauti yangu ikoje sasa. Lakini na wewe nitakuomba vipi?

Baba yako,
Malale


Dodoma,
13 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Barua hii natuma itangulie siku moja tu mbele yangu. Nimeomba ruhusa chuoni. Walisita, nikawaeleza kwa sauti, wakaacha kuniuliza maswali, wakanipa ruhusa.

Faith anakuja nami. Yeye anasikia, nami nimemwapisha kwamba hatatuonea huruma: atakuandikia sauti yako ilivyo, hata ikiwa mbaya, na atamwandikia kila aliyeegemea ukuta kile ulichosema hasa. Kisha nitakufundisha alama za mikono, na Kashinje atajifunza, apende asipende. Shangazi atajifunza matusi kwanza.

Siku ya kufika kwangu usikiguse chakula cha mlangoni. Kaa umeelekea mlango, uwe unauona. Sitabisha hodi. Nitaingia moja kwa moja, niketi mbele yako, tule ndani.

Binti yako aliye hai,
Minza